Gorogoro ya Stima

Kila mtu Kisumu anaijua gorogoro. Ni ule mkebe wa bati wa kilo mbili ulioanza maisha ukiwa na mafuta ya kupikia, ukaishia sokoni ukipima mahindi, maharagwe na omena. Ukienda Kibuye siku ya Jumapili, au ukikaa tu na akina mama wanaouza omena pale Dunga, utaona kwamba mnunuzi mzoefu haangalii omena kwanza. Anaangalia mkebe. Kitako kimegongwa kikaingia ndani? Muuzaji anarundika juu au anafuta kwa kiganja? Ugomvi ukitokea, unatokea hadharani, mkebe ukiwa katikati, na jirani yeyote anaweza kuushika na kuamua.

Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo. Mvuvi wa omena anayeingia ziwani usiku wa giza anajua karabai zake zitakunywa kiasi gani kabla ya alfajiri, maana ameyanunua kwa lita na kuyamimina mwenyewe. Koroboi ya nyumbani ukiitikisa tu unajua kimebaki nini.

Stima ni kitu kingine. Unatuma pesa, unapata nambari, nyumba inawaka, halafu siku moja inazima. Hapo katikati, nani alikula nini? Friji? Pasi? Jirani? Tangu stima ianze kuuzwa majumbani, miaka zaidi ya 140 iliyopita, mtu mmoja tu ndiye amekuwa na jibu la uhakika kuhusu kipimo: yule anayeuza. Ndiyo maana kile kidude cheupe kinachouzwa siku hizi madukani na mitandaoni, plagi janja inayokaa kati ya soketi na kifaa chako na kukuonyesha kwenye simu kinakula nini, kina historia ndefu nyuma yake kuliko kinavyoonekana. Ni mnunuzi anashika mkebe. Swali ni kama kushika mkebe kunatosha.

*

Tuanze na neno lenyewe. Tanzania watu husema umeme, na ukimtajia mzee wa pwani stima anaweza kuona meli akilini. Neno limetokana na mvuke wa Waingereza, na kabla ya kuwa waya ukutani lilikuwa chombo majini. Kisumu iliona stima ya aina hiyo kwanza. Meli SS William Mackinnon ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa na kushushwa ziwani mwaka 1900, kabla hata reli haijafika. Reli yenyewe ilifika Port Florence, mji tunaouita Kisumu, Desemba 1901. Kwa hiyo mtu wa Dunga wa wakati ule alikuwa tayari na stima mbele ya macho yake, ila haikumwashia mtu taa.

Stima ya pili ilianzia pwani. Kenya Power wakisimulia historia yao huanza na Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliyenunua jenereta mwaka 1875 ya kuangaza kasri lake na barabara za karibu. Mwaka 1908 mtambo huo ulichukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kampuni ya kuuza stima kisiwani Mombasa ikazaliwa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya peke yake ya kuuza stima Nairobi. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliungana zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting Company.

Shika hayo maneno, "haki ya peke yake". Sokoni, mkebe wa mama huyu ukiwa umebonyea, unavuka njia unaenda kwa mama yule. Kwa stima, tangu siku ya kwanza, hakukuwa na mama wa pili. Ndiyo maana kipimo kina uzito kuliko kwenye omena. Kama huwezi kuhama, kitu pekee ulicho nacho ni kujua ulichopewa.

*

Mwanzoni hata muuzaji mwenyewe hakuwa na mkebe wa maana. Thomas Edison alianza kuuza stima kutoka kituo cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, na mita yake ilikuwa chupa. Ndani ya chupa kulikuwa na bamba za zinki zilizolowekwa kwenye maji ya kemikali. Sehemu ndogo ya mkondo wa nyumba ilipitishwa humo, na kadiri mkondo ulivyopita ndivyo zinki ilivyohama kutoka bamba moja hadi jingine. Mwisho wa mwezi mtu wa kampuni alikuja, akachukua bamba, akaenda kuziweka kwenye mizani. Uzito ulioongezeka ndio uliokuwa bili. Mteja hakuwa na chochote cha kusoma. Aliletewa karatasi, akalipa.

Mwaka 1889 huko Budapest, Ottó Bláthy alitengeneza mita iliyokaa duniani kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni ile yenye sahani ya alumini. Volti na mkondo vinatengeneza nguvu ya sumaku, nguvu inazungusha sahani, na sahani inasukuma nambari. Ukiwasha pasi, inakimbia. Ukizima kila kitu, inasimama. Hii ndiyo mita nyeusi ya kioo ambayo wazazi wetu waliikuta ukutani, na mtu wa kampuni alikuja na kitabu kunakili nambari zake.

Ulikuwa ushindi, lakini nusu. Sasa mteja aliweza kusoma, ila alisoma jumla tu. Ni kama kuuziwa gunia zima na kuambiwa kilo zake, bila kujua ndani mna mahindi kiasi gani na mawe kiasi gani. Mita ilijua nyumba imekula uniti 60. Haikujua kama ni friji au ni mtoto aliyeacha pasi imewaka. Na wewe hukujua pia. Kwa hiyo kila nyumba ikatengeneza imani zake: birika la stima ni mwizi, chaja iliyoachwa kwenye soketi ni mwizi, friji usiifungue ovyo.

*

Kuna kipimo kingine ambacho watu wa Dunga wamewahi kukihisi kwa miguu yao, na hicho ni cha maji. Nam Lolwe, ziwa hili, lina mlango mmoja tu wa kutokea: Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapoanza. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls papo hapo. Mwaka huo huo iliundwa Kenya Power Company, kazi yake ikiwa kujenga laini ya kuleta stima ya bwawa hilo kutoka Tororo hadi Nairobi. Maji yaliyopita mbele ya Dunga yalitoka kwa mlango wa Uganda, yakarudi Kenya ndani ya waya, yakapita kwenda Nairobi. Watu wa ufukweni waliendelea na koroboi.

Bwawa hilo lilikuja na mkebe wake. Kulikuwa na mkataba unaoitwa Agreed Curve, unaosema ziwa likiwa kimo fulani, maji yanayoachiliwa yawe kiasi fulani, sawa na yale ambayo mto ungejichukulia wenyewe. Mwaka 2000 Uganda ikaanza kutumia kituo cha pili pembeni, Kiira. Kati ya 2003 na 2006 ziwa lilishuka kwa kasi. Sehemu ilikuwa ukame, na sehemu ilikuwa maji yaliyoachiliwa kupita kipimo cha mkataba. Maji yakarudi nyuma, na mitumbwi ikabaki juu ya matope. Aliyeshika mkebe alikuwa zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, na hakuna mvuvi aliyekuwa na njia ya kuuangalia kitako.

*

Turudi ukutani. Mtu wa kitabu alikuwa na shida zake. Mara amekuja hakukuta mtu, mara mbwa, mara hakuja kabisa na bili ikaandikwa kwa kukadiria. Makadirio yakizidi au kupungua, baadaye unaletewa marekebisho ya mkupuo. Hali ililipuka Januari 2018. Wakenya walijaza mitandao picha za bili chini ya #SwitchOffKPLC, na wakili Apollo Mboya akaenda Mahakama Kuu akidai kwamba wateja wanatozwa gharama zilizorundikwa nyuma. Kampuni ilikana kwamba inawapunja wateja, na baadaye pande hizo mbili zikafikia makubaliano. Kwangu mimi jambo la kukumbuka katika kesi ile ni hali ya watu wenyewe. Maelfu walikuwa na hasira, wengi wakiwa na uhakika kwamba wameibiwa, na karibu hakuna aliyekuwa na kipimo chake cha kuweka mezani. Walikuwa na bili ya mwezi jana na bili ya mwezi huu, zote zimeandikwa na mkono mmoja.

Dawa iliyokuwa tayari imeanza kusambazwa ilikuwa tokeni. Wazo hili lilikomaa Afrika Kusini, ambako Eskom ilitaka kuwafikishia stima mamilioni ya watu bila kutuma msomaji wa mita kila mtaa. Kutoka huko ukatoka mfumo unaoitwa STS, unaotumika nchi nyingi duniani. Kenya ilianza majaribio karibu mwaka 2009, na kwa sababu M-Pesa ilikuwepo tangu Machi 2007, ndoa ikafungwa haraka: nambari ya malipo 888880, nambari ya mita, kiasi, tuma.

Zile tarakimu 20 unazobonyeza kwenye kidude cha ukutani ni ujumbe wa siri. Ndani yake kuna idadi ya uniti na saa ambayo tokeni ilitengenezwa, vyote vimefungwa kwa ufunguo wa mita yako pekee. Saa hiyo inahesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa ingetosha dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule Kenya Power waliendesha kampeni ya kusasisha mita, na mtu akinunua tokeni alipata seti tatu za tarakimu 20 badala ya moja. Wapo waliodhani ni konmani amewatumia. Kwani mtu angejuaje? Mkebe wote ulikuwa ndani ya ufunguo wa siri.

Tokeni iliondoa makadirio na deni. Ilileta pia adabu mpya: unaona uniti zikishuka, unazima taa. Lakini soma ule ujumbe wa simu vizuri. Kuna "TknAmt", pesa iliyonunua stima yenyewe, na kuna "OtherCharges": gharama ya mafuta ya mitambo, mabadiliko ya fedha za kigeni, tozo ya EPRA, tozo ya maji, asilimia 5 ya kusambaza stima vijijini, kodi ya VAT asilimia 16. Sasa ulijua pesa imegawanywa vipi kabla ya kuingia nyumbani. Ikishaingia, giza lile lile la mita nyeusi.

*

Hapo ndipo plagi janja inaingia. Babu yake ni kifaa kinachoitwa Kill A Watt, kilichoanza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000: kijisanduku chenye skrini, unachomeka friji ndani yake, unasoma. Miaka ya 2010 skrini ikahamia kwenye simu, na bei ikashuka hadi watu wa kawaida wakafikia.

Ndani hakuna uchawi. Kuna kipande kidogo cha chuma chenye ukinzani unaojulikana, na mkondo wote wa kifaa chako unapita humo. Kuna chipu inayosoma volti na mkondo maelfu ya mara kila sekunde, inazidisha, inajumlisha. Kuna swichi, na kuna redio ya waifai. Alichofanya Bláthy kwa sahani, chipu inafanya kwa hesabu.

Kitu cha kwanza ambacho plagi inakufundisha ni tofauti ya wati na uniti, na hapo ndipo watu wengi wamepotea. Wati ni kasi ya bodaboda. Uniti ni kilomita alizoenda. Boda anayekimbia sana kwa dakika tatu hajafika mbali.

Chukua birika la wati 2,000, yule mwizi maarufu. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, sio 100. Kutoa lita moja kutoka nyuzi 24 hadi hapo kunahitaji uniti 0.084. Ukiongeza joto linalopotea, sema 0.1. Birika linatisha, lakini linawaka dakika tatu tu. Sasa chukua ruta ya waifai ya wati 8, ile inayokonyeza kwenye kona bila kumsumbua mtu. Haizimwi. Kwa siku inakula uniti 0.19, karibu sawa na lita mbili za chai. Mwisho wa mwezi ni uniti karibu 6.

Imani nyingine zinaanguka hivyo hivyo. Chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu haifikishi hata wati moja. Friji iliyoandikwa wati 120 hailimalizi saa nzima ikiwa imewaka; mota inawaka, inapumzika, na joto la Kisumu na mlango unaofunguliwa ndivyo vinavyoamua inapumzika muda gani. Huwezi kukisia hiyo kwa kusoma kibandiko. Lazima upime siku kadhaa.

Kupima namna hii kumewahi kubadilisha hata habari ya jikoni. Mwaka 2018 watafiti wa mradi wa eCook waliwaomba watu wa kaya kadhaa Nairobi waandike kila walichopika na kupima nishati iliyotumika, kwanza kwa njia zao za kawaida, kisha kwa stima. Kila mtu anajua kwamba stima ni ghali kupikia, si ndio? Lakini kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu, kama maharagwe, sufuria ya presha ya stima ilitoka ikiwa nafuu kuliko makaa, na matokeo yakaandikwa katika kitabu cha mapishi, The Kenya eCookBook. "Kila mtu anajua" ilikuwa imekaa miaka mingi kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima sufuria peke yake.

*

Kwenye ploti moja njia ya kwenda Dunga, nilikopanga kwa muda, mita ilikuwa moja na milango ilikuwa sita. Hii ni kawaida. Waliopanga Nyalenda au Manyatta wanajua. Tokeni ikikaribia kuisha mtu anapita mlango kwa mlango kuchanga. Sheria ya ploti yetu ilikuwa kila mlango sehemu moja, na mwenye friji sehemu mbili. Mwenye friji alikuwa mama anayekaanga samaki, na friji ndiyo iliyomwezesha kununua samaki asubuhi wakiwa bei nzuri na kuwauza jioni. Kila mchango ulikuwa vita.

"Mathe, wacha tupime wiki moja," nilimwambia.

"Pima, nyathina. Lakini upime wote. Usije ukapima mjane peke yake."

Plagi ilikaa kwenye friji yake siku saba na kutoa uniti 6 na ushee, yaani kama 27 kwa mwezi. Ukiongeza taa na tivi yake, mlango wake ulikuwa unakula uniti 37 hivi. Tokeni za ploti nzima zilikuwa zinafika karibu uniti 160 kwa mwezi. Kwa sehemu zake mbili kati ya saba, alikuwa analipia 46. Alikuwa amezidishiwa, ila si kwa kiasi alichodai yeye.

Basi nani alikuwa anakula? Mlango wa nne kulikuwa na kijana anayepikia koili ya wati 1,000. Saa mbili kila siku, kwa kalamu na karatasi, ni uniti 60 kwa mwezi. Alikuwa analipia 23. Nilipompelekea plagi alinirudishia bila kuigusa.

"Mimi nipimwe, kwani mimi ni mwizi?"

Sikuwa na jibu, na bado naona alikuwa na hoja. Mita ya kampuni inapima kila mtu bila kumtaja. Plagi inachagua nani apimwe, na anayepimwa anajua tayari kwamba ameshukiwa. Gorogoro inakaa katikati ya watu wawili sokoni. Hii ilikuwa inaingia chumbani kwa mtu.

Mathe hakuhitaji plagi yangu hata hivyo. Mita nyingi za tokeni zina kataa kadogo kekundu kanakokonyeza, na pembeni pameandikwa imekonyeza mara ngapi kwa uniti moja. Yetu ilikuwa mara 1,000. Kwa hiyo koili ya wati 1,000 peke yake inaikonyezesha mara moja kila sekunde tatu na nusu hivi. Jioni moja mathe alivuta kigoda, akakaa mbele ya sanduku la mita, akangoja harufu ya vitunguu kutoka mlango wa nne, akahesabu kwa sauti. Kijana alimsikia. Mchango uliofuata aliongeza pesa bila kuulizwa, na mathe akapunguziwa kidogo. Hakuna aliyefurahi sana, lakini vita ilipoa.

*

Ningeweza kuishia hapo niseme teknolojia imeleta haki. Lakini baadaye nilikaa na hesabu za ploti ile nikaona tulikuwa tunagombana kuhusu mkebe mdogo wakati mkebe mkubwa uko juu yetu.

Bei ya stima Kenya ina ngazi. Katika viwango vilivyoanza Aprili 2023, anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi alipangiwa shilingi 12.22 kwa uniti, bei ya kumsaidia asiye na uwezo. Anayepita uniti 100 alipangiwa shilingi 20.97, kabla ya tozo na kodi. Katikati kuna ngazi ya tatu. Kwa watu wa tokeni, wastani wa miezi mitatu iliyopita ndio unaokupanga. Bei zimeguswa tena tangu hapo, lakini wazo la ngazi ndilo hilo.

Sasa rudi kwenye milango sita. Milango minne ilikuwa inakula kama uniti 14 kila mmoja: taa, simu, tivi, redio. Kila mmoja peke yake angekuwa chini ya 30. Mathe na uniti zake 37, na kijana wa koili na zake 68, wangekuwa ngazi ya katikati. Hakuna mtu hata mmoja katika ploti ile aliyetumia uniti 100. Lakini mita ilikuwa moja, na mita iliona 160. Kwa hiyo wote walilipa bei ya juu. Uniti 14 kwa shilingi 12.22 ni shilingi 171. Kwa shilingi 20.97 ni 294. Yule anayekula kidogo kabisa, ambaye bei ya chini iliwekwa kwa ajili yake, analipa sawa na nyumba yenye friza mbili na shawa ya moto, kwa sababu tu anaishi kwenye ploti na sio kwenye nyumba yenye geti.

Hakuna plagi inayoweza kurekebisha hilo. Inaweza kukuambia ukweli wote kuhusu friji, na bado kipimo kinachohesabika ni kile chenye nambari ya mita. Plagi yenyewe ina wenyewe pia: nyingi hutuma hesabu zako kwenye seva za kampuni iliyoitengeneza, na siku kampuni ikichoka, mkebe unatoboka. Mwaka 2025 Belkin walitangaza kwamba huduma ya mtandao ya plagi zao nyingi za Wemo itafungwa mwisho wa Januari 2026. Watu walikuwa wamenunua kifaa, kumbe walikuwa wamekodi.

Serikali nayo ina namna yake ya kuhesabu. Mradi wa Last Mile ulipozinduliwa mwaka 2015, gharama ya kuunganishiwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na tangu hapo mafanikio yamehesabiwa kwa idadi ya waliounganishwa. Katika hesabu hiyo ploti yetu ni mteja mmoja. Watafiti Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, waliofuatilia nyumba zilizounganishwa Busia na Siaya, walikuta wengi wanatumia stima kidogo sana. Ni watu wa aina ile ile ambao bei ya chini ilitungwa kwa ajili yao. Huko kijijini nyumba ina mita yake. Huku mjini, mtu yule yule akija kutafuta kazi anapanga chumba, na bei yake ya chini inabaki kijijini.

Kwa hiyo ukinunua plagi, pima. Pima friji wiki nzima, pima tivi, pima ruta, na usisahau kwamba haifai kwa kitu kinachozidi ampea 13. Kama huna pesa ya plagi, zima kila kitu, washa kifaa kimoja, kahesabu kataa kekundu kwa dakika moja. Hesabu ile ile, bure. Ukimaliza kujua friji inakula nini, nenda kwenye sanduku la mita uhesabu kitu kimoja zaidi: ni milango mingapi iko nyuma ya nambari ile. Halafu mtafute mwenye ploti, na umuulize kila mlango utapata mita yake lini.